Figo ya ndugu, figo ya marehemu, au kubaki kwenye mashine: familia ichague vipi?

Daktari akishasema figo zote mbili zimeshindwa, familia haipati muda wa kukaa na habari hiyo. Mgonjwa anaunganishwa na mashine ya kusafisha damu, mara nyingi kwa dharura, kupitia mpira uliopitishwa kwenye mshipa wa shingo. Wiki chache baadaye, uvimbe ukishapungua na akili ikitulia, linakuja swali: tuendelee na mashine, au tutafute figo? Na kama ni figo, itoke kwa nani?

Makala haya yanawahusu waliofika hapo wakakwama. Nalinganisha njia tatu: kubaki kwenye mashine, kupokea figo ya mtu aliye hai, na kupokea figo ya mtu aliyefariki. Kila njia ina watu inaowafaa. Iko na njia ya nne inayonong'onwa kwenye korido za hospitali, ya kununua. Hiyo sikuiweka kwenye mizani, na sababu zake nitazieleza.

Tupime kwa vigezo gani?

Familia nyingi huanza na bei. Bei lazima iulizwe, lakini ukianza nayo utajikuta umeshamchagua mtoaji kabla hujamuuliza. Mimi naomba muanze na uhuru: katika njia hii, anayetakiwa kutoa ana nafasi ya kweli ya kukataa? Cha pili ni hatari, inamwangukia nani na kwa kiasi gani. Cha tatu ni maisha yenyewe, figo itadumu muda gani na mgonjwa ataishi vipi siku kwa siku. Kisha gharama, si ya leo tu bali na ya miaka mitano mbele. Mwisho sheria na dini.

Jambo moja liwe wazi mapema. Kupandikiza figo si kupona. Ni kubadilisha ugonjwa mgumu kwa hali nyepesi zaidi inayodai dawa na kliniki maisha yote.

Njia ya kwanza: kubaki kwenye mashine

*Uhuru.* Hapa hakuna anayeombwa sehemu ya mwili wake. Sifa hii haitajwi sana, lakini ni kubwa. Kuna wazazi wanaokataa kabisa figo za watoto wao, na uamuzi huo unastahili heshima kama uamuzi mwingine wowote.

*Hatari.* Yote iko kwa mgonjwa: maambukizi kupitia mpira wa shingoni, presha kushuka ghafla katikati ya kusafishwa, moyo kuchoka mwaka hadi mwaka. Anayepanga kubaki kwenye mashine kwa muda mrefu atengenezewe fistula mapema, yaani upasuaji mdogo wa kuunganisha ateri na vena kwenye mkono. Ukiweka kidole juu ya fistula inayofanya kazi utahisi mtetemo chini ya ngozi. Mgonjwa hufundishwa kuugusa kila asubuhi, na siku asipousikia aende hospitali siku hiyo hiyo. Mkono huo haupimwi presha, hautolewi damu, wala haubebeshwi ndoo.

*Maisha.* Utaratibu wa kawaida ni mara tatu kwa wiki, saa nne kila mara. Kabla ya kukaa kwenye kiti mgonjwa anapanda mizani, na kilo zilizoongezeka tangu safari iliyopita kwa kiasi kikubwa ni maji ambayo mashine inapaswa kuyatoa. Kwa hiyo maji ya kunywa yanapimwa kwa kikombe, joto la Dar es Salaam au Mombasa liwe kali namna gani. Potasiamu, madini yaliyomo kwenye vyakula vingi, nayo ikizidi inaweza kusimamisha moyo: ndizi, machungwa na maji ya dafu ni vya kuogopa, na viazi huchemshwa, maji yakamwagwa, ndipo vikapikwa. Mtu wa Pwani anayeambiwa asiguse dafu anaelewa haraka kwamba maisha yamebadilika. Hata hivyo wako wanaofanya kazi, wanaolea watoto na kuishi miaka mingi hivyo.

*Gharama.* Haina mwisho. Bima ikilipa mashine, bado kuna nauli, sindano za kuongeza damu, na siku tatu za kazi zinazopotea kila wiki, za mgonjwa na mara nyingi za anayemsindikiza. Vituo vimeongezeka sana Kenya na Tanzania, lakini anayeishi mbali na mji wa mkoa au kaunti bado anaweza kulazimika kuhama nyumba.

*Sheria na dini.* Hakuna mgogoro wowote. Anayetaka kufunga Ramadhani azungumze kwanza na daktari wake.

*Inamfaa nani?* Mzee mwenye moyo dhaifu. Mwenye saratani ambayo haijaisha, au maambukizi ambayo hayajatibiwa, kwa kuwa dawa za kushusha kinga, anazotumia kila aliyepandikizwa ili mwili usiikatae figo, zingemwangamiza. Asiye na mtoaji. Na yule anayesubiri mambo mengine yakae sawa. Kuwa kwenye mashine si kushindwa, na inaniuma kusikia familia ikizungumza kana kwamba mgonjwa aliyeko pale ameshatelekezwa.

Njia ya pili: figo ya mtu aliye hai

Mzigo wa kimaadili ulikuwepo tangu siku ya kwanza. Tarehe 23 Desemba 1954, mjini Boston, Dk. Joseph Murray na wenzake walitoa figo ya Ronald Herrick wakampandikizia pacha wake, Richard. Walikuwa wanamkata mtu mwenye afya kamili kwa faida isiyo yake, jambo lililopingana na kila walichofundishwa. Usiku wa kuamkia upasuaji, Richard alimtumia nduguye kikaratasi akimtaka aondoke arudi nyumbani. Ronald akajibu kwamba yupo na atabaki. Richard aliishi miaka minane zaidi. Kwangu uzito wa kisa hiki uko kwenye kile kikaratasi: aliyekuwa anakufa ndiye aliyempa mwenzake ruhusa ya kuondoka.

*Uhuru.* Familia zetu hukaa kikao. Mkubwa wa ukoo anazungumza, kisha macho yote yanamgeukia mmoja: yule mdogo ambaye bado hana mke, au yule aliyelipiwa ada na huyu mgonjwa tangu sekondari. Hakuna anayemlazimisha. Hakuna haja, deni lipo na kila mtu analijua. Tena katika nchi nyingi wanawake wanatoa figo kuliko wanaume, na wanaume wanazipokea kuliko wanawake. Dada au mke anayesema "sawa" mbele ya wakwe zake inabidi aulizwe tena akiwa peke yake.

Hospitali makini hufanya hivyo. Mtoaji anaitwa chumbani bila mgonjwa na bila mjomba aliyemleta, na anaulizwa kwa utulivu: nani alikutaja wa kwanza, ukikataa itakuwaje nyumbani, kuna fedha au kiwanja ulichoahidiwa? Akionekana anasita, madaktari wanaiambia familia kwamba hafai kuwa mtoaji, basi. Sababu haitajwi. Ukiona hospitali inapima damu tu na haina mazungumzo haya, uliza kwa nini.

*Hatari.* Hapa ndipo hatari inapogawanywa, na sehemu yake anapewa mtu asiye mgonjwa. Tafiti kubwa za Marekani zilionyesha kwamba watoaji kama 3 katika kila 10,000 hufariki kutokana na upasuaji. Kwa maisha yote, hatari ya mtoaji kuishia na figo zilizoshindwa ilikadiriwa kuwa 90 katika kila 10,000, ilhali kwa watu wenye afya kama yake wasiotoa ni 14. Ni hatari ndogo bado, lakini imepanda, na kwa watoaji weusi ilionekana kuwa kubwa zaidi. Mwanamke ambaye hajamaliza kuzaa aambiwe pia habari ya kifafa cha mimba: utafiti wa Kanada ulikuta presha ya ujauzito au dalili za kifafa cha mimba katika mimba 11 kwa kila 100 za waliotoa figo, dhidi ya 5 kwa wasiotoa.

Figo inayobaki hujiongeza nguvu, na mtoaji kwa kawaida huwa na karibu asilimia 70 ya uwezo aliokuwa nao. Wengi huishi bila kukumbuka. Wasiwasi wangu uko kwa kijana wa miaka ishirini na kitu katika ukoo wenye kisukari au presha. Leo vipimo vyake ni safi kwa sababu umri bado haujamfikia, lakini ugonjwa uliomwangusha kaka yake unaweza kuwa unamsubiri na yeye.

Hapo ndipo mwenzi wa ndoa au rafiki anapomzidi ndugu, kwa kuwa yeye si wa ukoo huo. Ndugu wa baba na mama mmoja ana nafasi moja katika nne ya kulingana tishu kikamilifu na mgonjwa, na mwenzi kwa kawaida halingani. Lakini tangu dawa za kushusha kinga kama siklosporini zilipoingia miaka ya 1980, kutolingana huko si kizuizi kikubwa, na figo za wanandoa kwa wastani hudumu vizuri kuliko za marehemu. Tahadhari ni moja: mwanamke aliyemzalia mumewe anaweza kuwa na kingamwili dhidi ya tishu za huyo mume, kwa sababu mwili wake ulishakutana nazo katika mimba. Kipimo cha kuchanganya damu ya mtoaji na ya mpokeaji kitalionyesha hilo.

*Maisha.* Figo ya mtu aliye hai hudumu kwa wastani kati ya miaka 15 na 20. Huwekwa chini ya tumbo upande mmoja, zile za zamani zikiachwa mahali pake, na mara nyingi mkojo huanza kutoka mgonjwa angali mezani. Maji ya kunywa yanarudi, na chakula kinafunguka. Inayokuja badala yake ni takrolimasi, mojawapo ya dawa hizo za kushusha kinga, kila baada ya saa 12, kipimo cha damu cha kuhakiki kiwango cha dawa, mabalungi kupigwa marufuku kwa kuwa huipandisha dawa hiyo mwilini, na kuchunga sana kifua kikuu.

*Gharama.* Ni upasuaji wa watu wawili. Mtoaji hainui kizito kwa wiki sita hivi. Kama ni mvuvi, fundi ujenzi au dereva wa bodaboda, hizo ni wiki sita bila kipato, na familia inapaswa kuzipangia bajeti kama inavyopanga vipimo. Kumfidia kipato alichopoteza na nauli aliyotumia si kununua figo. Tanzania ilianza kupandikiza Muhimbili Novemba 2017 pamoja na madaktari kutoka India, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikafuata mwaka 2018 ikishirikiana na Wajapani. Kenya ina uzoefu wa muda mrefu zaidi, Hospitali ya Taifa ya Kenyatta na ile ya Moi, Eldoret. India ina wingi wa uzoefu, lakini unaongeza tiketi na nyumba ya kupanga kwa wiki nyingi, na ukirudi lazima awepo daktari wa nyumbani aliye tayari kukupokea. Mpangie huyo kabla ya kusafiri.

*Sheria na dini.* Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 inataka ridhaa ya mtoaji na inakataza biashara ya viungo. Sheria ya India ya mwaka 1994, iliyorekebishwa 2011, inamtambua ndugu wa karibu: mzazi, mtoto, ndugu wa kuzaliwa naye, mwenzi wa ndoa, babu, bibi, mjukuu. Mgeni anahitaji barua ya ubalozi wake kuthibitisha uhusiano, na kamati inaweza kuomba cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa na hata picha za harusi, kwa hiyo vikusanyeni mapema. Kwa Waislamu, Baraza la Kimataifa la Fiqhi, chini ya jumuiya ya nchi za Kiislamu, liliruhusu upandikizaji katika azimio lake la Jeddah mwaka 1988, kwa masharti ya ridhaa, kutomdhuru mtoaji na kutouza. Kwa Wakatoliki, Papa Yohane Paulo II aliueleza utoaji wa viungo kuwa tendo la upendo alipozungumza na wataalamu wa upandikizaji mjini Roma Agosti 2000.

*Inamfaa nani?* Mgonjwa ambaye mwili wake unaweza kuhimili upasuaji na dawa, aliyepata mtoaji mzima wa afya aliyejitokeza mwenyewe, na mwenye chanzo cha uhakika cha dawa.

Njia ya tatu: figo ya marehemu

Kwa anayeishi Afrika Mashariki, hii ni njia iliyo kwenye karatasi zaidi kuliko wodini. Sheria ya Kenya inamruhusu mtu kutoa viungo vyake kwa wosia, au kwa tamko mbele ya mashahidi wawili. Lakini sheria peke yake haitoi figo. Inatakiwa wodi ya wagonjwa mahututi inayoweza kuthibitisha kifo cha ubongo (ubongo umezimika kabisa ingawa moyo bado unapiga kwa msaada wa mashine), maabara inayopima tishu usiku huo huo, orodha moja ya taifa, na timu ya kupasua, kwa kuwa figo kwenye barafu inavumilia kama siku moja na zaidi kidogo, na moyo saa nne hadi sita tu. Barani kwetu Afrika Kusini imekuwa na huduma hii tangu zamani. Cape Town ndiko Dk. Christiaan Barnard alikopandikiza moyo wa kwanza wa binadamu, Desemba 1967. Kwa hiyo sehemu hii nawaandikia zaidi ndugu zetu walioko Ulaya, Amerika ya Kaskazini na Ghuba.

*Uhuru.* Marehemu hana wa kumshinikiza, wala hana cha kupoteza kiafya. Shinikizo linahamia kwa wafiwa, walioambiwa mtu wao amekufa huku kifua chake kikiinuka na kushuka kwa mashine. Nchi zimechagua kwa namna tofauti. Wales tangu Desemba 2015 na England tangu Mei 2020 zinamhesabu mtu mzima kuwa amekubali isipokuwa amesema hapana, lakini familia bado inaulizwa. Hispania ina sheria ya aina hiyo tangu 1979, ila inaongoza duniani kwa sababu ya kazi iliyoanza 1989 ya kuweka waratibu waliofunzwa katika hospitali, watu wanaojua kukaa na wafiwa. Naamini hilo ndilo la kuigwa kwetu kabla ya kubishana juu ya sheria.

*Hatari.* Kwa mpokeaji ni zile zile za upasuaji na dawa, pamoja na figo kuchelewa kuamka, kiasi kwamba anaweza kurudi kwenye mashine kwa siku au wiki kadhaa kabla haijaanza kazi.

*Maisha.* Wastani ni miaka 10 hadi 15. Kabla yake kuna kusubiri, mara nyingi miaka. Wagonjwa weusi Uingereza na Marekani husubiri zaidi, sababu mojawapo ikiwa uchache wa watoaji wenye tishu zinazofanana na zao. Swali hilo linatuhusu moja kwa moja: tunaopenda kupokea, tumejiandikisha kutoa?

*Gharama.* Hulipwa na mfumo wa afya au bima ya nchi husika. Hakuna ndugu anayepoteza kipato.

*Sheria na dini.* Mjadala hapa uko kwenye kifo cha ubongo. Baraza lile lile la Fiqhi lilikikubali katika kikao cha Amman mwaka 1986, na Saudi Arabia imekuwa ikipandikiza viungo vya marehemu kwa miaka mingi, ingawa wapo masheikh wasioridhika mpaka moyo usimame. Muulize sheikh wako kabla haijafika siku hiyo. Kuhusu mazishi, viungo hutolewa kwa upasuaji wa kawaida na mwili hushonwa. Kuosha na kukafini kunawezekana. Kinachobadilika ni saa, kwani mazishi yanaweza kuchelewa.

*Inamfaa nani?* Aliye katika nchi yenye orodha inayofanya kazi, asiye na mtoaji hai au asiyetaka ndugu yake akatwe, na ambaye afya yake inaruhusu kusubiri kwenye mashine.

Kwa nini kununua hakumo

Iran peke yake ndiyo inayoruhusu kisheria mtoaji kulipwa, kwa utaratibu unaosimamiwa. Kwingineko ni kosa, na Azimio la Istanbul la mwaka 2008 liliwekwa na wataalamu wenyewe kupinga biashara hii. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002 uliwahoji watu 305 waliouza figo Chennai, India. Asilimia 96 waliuza ili kulipa madeni. Kipato cha familia zao kilishuka kwa theluthi, wengi walikuwa bado wanadaiwa, na asilimia 86 walisema afya yao imezorota. Kwetu, Aprili 2025 serikali ya Kenya ilisimamisha upandikizaji katika hospitali moja binafsi ya Eldoret kufuatia madai kwamba vijana walikuwa wakishawishiwa kwa fedha kutoa figo. Dalali hasemi anauza. Anasema amepata "binamu" na nyaraka zitatengenezwa. Ukishaambiwa hivyo, aliyetengenezewa ubinamu ni kijana mwenye njaa, na baada ya mshono kupona hakuna atakayemwuliza hali.

Kulingana na hali yenu

Mgonjwa akiwa na umri mkubwa na moyo dhaifu, wekeni nguvu kwenye fistula nzuri, kituo kilicho karibu na chakula sahihi. Msiuze shamba kwa upasuaji ambao daktari wa moyo hauafiki.

Kama ni kijana au mtu wa makamo na yuko mtu mzima aliyejitokeza mwenyewe, anzeni vipimo mapema. Akiwa mwenzi wa ndoa na ukoo wa mgonjwa una kisukari, mpimeni huyo kwanza kabla ya wadogo wa mgonjwa.

Anayefaa akiwa binti ambaye hajazaa, au kijana wa miaka ishirini, tafuteni kwanza mkubwa zaidi, mwenye miaka arobaini au hamsini na afya njema. Historia ya presha yake inasomeka.

Makundi ya damu yasipolingana, ulizeni kama hospitali inabadilishana watoaji kati ya familia mbili. India na nchi za Magharibi jambo hilo lipo. Kwetu bado ni nadra.

Harambee ikitosha upasuaji tu, subirini. Figo hupotea dawa zikikatika, na mtoaji atakuwa ametoa bure. Hakikisheni kwanza nani atalipia takrolimasi mwaka wa pili na wa tatu.

Mkiwa Leicester, Toronto au Minneapolis, mgonjwa aingie kwenye orodha ya marehemu hata kama ndugu anapimwa, maana moja halizuii jingine. Ndugu akitoka Tanga au Lamu kuja kutoa, viza yake na matibabu yake ya baada ya kurudi nyumbani viwe sehemu ya mpango, pamoja na kipimo cha presha na figo kila mwaka.

Na kama wewe ndiye uliyetajwa kwenye kikao, na moyo wako unasita, omba kuonana na daktari au mshauri ukiwa peke yako, umwambie hivyo hivyo ulivyo. Unaweza kujitoa hata asubuhi ya upasuaji. Kwenye hospitali makini, nyumbani watajulishwa tu kwamba hukufaa, na faili lako halitafunguliwa kwa mtu mwingine.